Starehe ndogo za jioni wakati wa kipupwe: jibu kwa mwalimu wa Newala

SWALI: Shikamoo, Daktari. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na nilihamia Newala, mkoani Mtwara, mwaka jana nikitokea Lindi mjini. Mdogo wangu anasoma Finland, na kila ifikapo Septemba, majani yanapoanza kupukutika kule, hunitumia picha za mishumaa, soksi za sufu na vikombe vya kahawa, akisema kwamba ndivyo watu wa huko wanavyoupokea ubaridi. Huku kwetu kipupwe ndicho kinachoingia sasa. Mwaka jana kilinikuta vibaya: nilikuwa nikitoka kazini naingia ndani, nafunga madirisha kwa sababu ya upepo, najifunika na simu mkononi hadi saa 6 usiku, na asubuhi naamka mzito. Mwaka huu ningependa kufuata ya mdogo wangu, lakini mume wangu anasema huo ni uvivu wa kizungu na kupoteza pesa. Je, mambo madogo kama haya yana faida ya kweli, na kwa mtu wa huku yangekuwa yapi?

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Faida ipo, tena si haba, lakini haiji kwa kununua mishumaa. Wewe na mdogo wako mnapambana na mambo mawili tofauti, na ukiiga vifaa vyake bila kujua vinajibu tatizo gani, utakuwa umetumia pesa bure na mume wako atakuwa amepata hoja.

Nianze na kule aliko yeye. Mnamo tarehe 22 au 23 Septemba jua huvuka ikweta kuelekea kusini, na kuanzia hapo nchi za kaskazini hupoteza mwanga kwa kasi. Helsinki, ambako mwezi Juni mchana hukaribia saa 19, ifikapo Desemba mchana haufiki hata saa 6, kiasi kwamba mtu anaweza kwenda kazini gizani na kurudi nyumbani gizani. Mwaka 1984 Norman Rosenthal na wenzake nchini Marekani walieleza kitaalamu aina ya sonona ambayo huwarudia baadhi ya watu kila msimu wa giza unapoingia, na hadi leo mojawapo ya tiba zake ni kukaa kila asubuhi mbele ya taa yenye mwanga mkali. Mshumaa wa mdogo wako si tiba hiyo, kwa kuwa mwanga wake ni hafifu mno. Kazi yake ni kuipa jioni ndefu isiyoepukika kitu cha kutazamiwa, na kahawa nayo ni hivyo hivyo, kwani Wafini ni miongoni mwa watu wanaokunywa kahawa nyingi zaidi duniani. Tena usisahau upande ambao huenda picha zake hazikuonyeshi: majira hayo yanapoanza, watu wengi wa Finland huingia misituni kuchuma uyoga na matunda ya porini, na hufunga safari kwenda kutazama majani yakigeuka rangi. Starehe yao haikai ndani tu.

Newala haina giza la namna hiyo. Mchana wetu mfupi kuliko yote, ule wa mwezi Juni, hupungukiwa na ule mrefu wa Desemba kwa kama saa moja na robo tu. Jua la Juni huzama muda mfupi baada ya saa 12 jioni, na la Desemba huzama kwenye saa 12 na dakika 40 na ushei. Kwa hiyo uzito ulioupata mwaka jana siwezi kuusingizia giza. Ninaona sababu nyingine katika maelezo yako, na karibu zote zimetokana na kuhama. Umetoka mji ulio usawa wa bahari, ambako hata usiku wa Julai joto hushuka hadi karibu nyuzi 20 tu, ukaja kwenye ukingo wa nyanda za juu za Makonde, ambako ukungu na upepo ni vya kweli. Nyumba nyingi za kwetu zimejengwa kupambana na joto, kwa madirisha ya nyavu na bati lisilo na dari, hivyo baridi ikija hazina pa kuizuia. Umetoka pia mahali ambapo watu wanakufahamu na jioni ulikuwa na baraza la kukalia. Ulipofunga madirisha yale mwaka jana ulizuia upepo, lakini ulijifungia nje ya majirani, nje ya matembezi, na kwa sababu ya simu, nje ya usingizi pia.

Hapo ndipo utaalamu una la kusema. Katika miaka ya 1970 mwanasaikolojia Peter Lewinsohn wa Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, alionyesha uhusiano uliopo kati ya hali ya moyo na wingi wa mambo ya kupendeza ambayo mtu huyafanya katika siku zake za kawaida. Mambo hayo yakipungua, moyo hushuka; moyo ukishuka, mtu hukosa hamu ya kufanya hata machache yaliyobaki, na hivyo huzidi kuzama. Tiba iliyokua kutokana na kazi hiyo haimsubiri mtu apate hamu kwanza. Humtaka apange jambo dogo, aliwekee wakati, na alitende hata kama siku hiyo moyo umekataa, kwa sababu mara nyingi hamu huja nyuma ya tendo. Mwambie mume wako hivyo, kwa adabu: mvivu ni yule anayengoja hamu, na mwaka jana wewe uliingoja kipupwe kizima isije.

Kuhusu ukubwa wa jambo lenyewe, Ed Diener na wenzake waliandika mwaka 1991 kwamba furaha ya mtu hutegemea zaidi ni mara ngapi anajisikia vizuri kuliko anajisikia vizuri kwa kiasi gani. Hoja hii ina uzito wa pekee katika mikoa yetu miwili, kwa kuwa maisha ya Mtwara na Lindi huenda kwa msimu wa korosho. Mikorosho hupuliziwa salfa, dawa ya kuikinga na magonjwa, wakati huu wa kipupwe, mavuno huchanganya kuanzia Septemba na Oktoba, minada hufunguliwa, na malipo yakishaingia ndipo watu huezeka, huoa na kununua pikipiki. Sina ugomvi na bati jipya. Lakini moyo wa binadamu huyazoea makubwa kwa haraka ya kushangaza, jambo ambalo Philip Brickman na Donald Campbell walilieleza mwaka 1971, na pale furaha zote za mwaka zinaposukumiwa katika miezi michache ya pesa, miezi iliyobaki hukauka. Kipupwe huangukia katika ukavu huo hasa: fedha imekwenda kwenye salfa na korosho ingali maua. Hata wewe mwenye mshahara wa kila mwezi unaishi katikati ya watu wa hali hiyo, na unyamavu wa mji wakati huo unakufikia.

Kwa hiyo kinachotakiwa ni kidogo, cha mara kwa mara, na kisichozoeleka upesi. Hili la mwisho ndilo watu wengi wanalolikosea. Mwaka 2013 Jordi Quoidbach na Elizabeth Dunn walichapisha jaribio rahisi sana: watu walionjeshwa chokoleti, kisha baadhi yao wakaombwa wasiile kwa wiki nzima, baadhi wakapewa nyingi wale watakavyo, na wengine hawakupewa sharti lolote. Wiki ilipokwisha walionjeshwa tena, na walioifurahia zaidi ni wale waliojizuia. Sisi hatuhitaji chokoleti kulithibitisha, maana tuna ming'oko, vile viazi vya porini. Kwa kuwa huchimbwa porini na haipatikani mwaka mzima, siku inapoonekana sokoni ikiwa imechemshwa, na chumvi na pilipili pembeni, mtu hasimami kujiuliza kama ana hamu. Ningekuwa wewe, ningevipa vitu vichache siku yake na kukataa kabisa kuvitumia siku nyingine: mkate wa kumimina uwe wa Ijumaa, mbaazi mbichi za kuchemsha ziwe za Jumapili, na njugu mawe ziliwe wakati zimetoka kuvunwa badala ya kuhifadhiwa hadi zisahaulike. Ukifanya hivyo Jumatano nayo hupata thamani, kwa sababu inatazamia Ijumaa.

Fred Bryant wa Chuo Kikuu cha Loyola, Chicago, ambaye amechunguza kwa miaka mingi namna watu wanavyozionja furaha zao, huzigawa katika kutazamia, kuwa ndani ya jambo lenyewe, na kulikumbuka baadaye. Simu huharibu hatua ya katikati kuliko kitu kingine chochote ninachokutana nacho katika ushauri. Anayekunywa chai huku akipitisha picha za watu huimaliza chai bila kuinywa, na mara nyingi picha anazopitisha ni za starehe za wengine, zikiwemo za mdogo wake. Mwezi Septemba, yeye atakapokuwa akikutumia majani mekundu yanayokaribia kuanguka, miombo ya Nachingwea na Liwale itakuwa ikichipua majani mapya yenye wekundu wa shaba, kabla hata tone la mvua halijadondoka. Ni rangi zinazofanana, moja ya jani linalokufa na nyingine ya jani linalozaliwa, na watu hupita katikati ya miti hiyo ndani ya basi wakitazama picha za vuli ya Ulaya. Panga safari moja ya kwenda kuiona miombo hiyo, nawe umtumie mdogo wako picha.

Sasa tuingie kwenye jioni yako. Sehemu yenye nguvu kuliko zote ni ile saa moja ya kuanzia magharibi, kwa sababu ndiyo uliyokuwa ukifunga madirisha, na ningependa uitumie nje. Watu wa Newala wanajua kuota moto. Kuni chache uani, muhogo wa kuchoma kwenye makaa, watoto wa jirani, na kitenge cha pili mabegani vinatosha kuigeuza jioni ya baridi ikawa jioni ya watu. Ukishindwa kualika, tembelea. Ukishindwa yote mawili, kaa kwenye kibaraza chako na mlango wazi, ukipukuchua au kuchambua chochote mikononi, kwa kuwa mtu mwenye kazi mikononi husalimiwa kwa urahisi zaidi kuliko aliyeinamia kioo cha simu. Jambo moja tu: mikoa yetu bado ina malaria ya kutosha, na mbu wake huuma usiku, kwa hiyo vaa mikono mirefu, funika miguu, na giza likikolea ingia ndani, na wakati wa kulala lala kwenye chandarua.

Kinywaji kiwepo, lakini kichague kwa saa. Kahawa chungu na kashata, kama ulivyozoea Lindi, ni ya alasiri. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba kafeini nyingi, hata ikinywewa saa 6 kabla ya kulala, hupunguza usingizi kwa zaidi ya saa moja. Jioni chemsha mchaichai na tangawizi, ambavyo havina kafeini, na uvinywe vikiwa na joto la kushikika kikombeni. Hapa niongeze tahadhari, maana madai haya yanazunguka sana: mwaka 2008 ilitangazwa kwamba kushika kikombe cha moto kwa muda mfupi humfanya mtu awaone wenzake kuwa wakarimu zaidi. Jaribio hilo liliporudiwa baadaye na watu wengi zaidi, matokeo hayo hayakuonekana. Kikombe cha moto kinapendeza, basi. Hakikufanyi kuwa mtu mwema, na hakina haja ya kufanya hivyo ili kistahili nafasi yake.

Kitu ambacho kina ushahidi mzuri zaidi ni maji ya moto. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas huko Austin walikusanya tafiti nyingi kuhusu kuoga kabla ya kulala, wakaona kwamba maji ya nyuzi 40 hadi 42.5, kwa dakika 10 tu, saa moja au mbili kabla ya kulala, humsaidia mtu kupata usingizi kwa wastani wa kama dakika 10 mapema zaidi. Sababu yake ni ya kinyume na unavyoweza kudhani. Maji ya moto hupanua mishipa ya damu ya mikono na miguu, joto la ndani ya mwili likapata njia ya kutokea, mwili ukapoa, na kupoa huko ndiko kunakouambia ubongo kwamba usiku umefika. Ukioga na kulala papo hapo faida hupungua, kwa kuwa mwili haujapata muda wa kupoa. Najua maji ya nyanda za juu za Makonde yana historia ya kutafutwa mbali, na sikuombi umwage madebe. Ndoo moja ya maji ya moto, kopo, na taulo kavu vinatosha. Baada ya hapo vaa soksi na uweke simu chumba kingine. Kama unaitegemea kwa kengele ya asubuhi, nunua saa ya mezani, ambayo ndiyo ununuzi pekee ninaokushauri katika barua hii yote.

Lazima nisimame kidogo kwenye mkaa, kwa sababu ndiyo hatari ya kweli ya majira haya. Usiingize jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa ili kupata joto, hata kama mkaa umeshika vizuri na hautoi moshi, na hata kama umepanga kulitoa kabla ya kulala. Mkaa unaowaka hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, na hivyo kuuzuia mwili usipate hewa ingawa mtu anapumua kama kawaida. Dalili za kwanza ni kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, na mtu huzidhani kuwa ni uchovu au malaria. Aliyelala huenda asiamke. Ikitokea mtu akajisikia hivyo kwenye chumba chenye jiko, mtoeni nje haraka na mumpeleke hospitali. Jiko likae nje au jikoni penye hewa. Ndani tumia blanketi la pili, mkeka chini ya godoro, na kitambaa kizito dirishani upande unakotoka upepo. Na ukiamua kuwasha mshumaa kwa ajili ya mdogo wako, uwe mbali na chandarua.

Asubuhi sina mengi. Nenda shule kwa miguu kama inawezekana, uupate mwanga mapema. Jumamosi moja moja, alasiri ukungu ukiwa umeinuka, mtembee wewe na mume wako hadi Shimo la Mungu, pale ardhi inapokatika ghafla na bonde la Ruvuma kuonekana hadi upande wa Msumbiji. Hapana kiingilio cha moyo mwepesi, na naamini atakuwa na mengi ya kukueleza akifika pale, hasa kama ni mwenyeji.

Kuhusu hoja yake ya uzungu, nadhani imekosea mahali pa kulenga. Wazee wa Mikindani waliokusanyika jioni kwenye vibaraza, bao katikati na buli la kahawa likizunguka, hawakumwiga mtu yeyote, na hakuna aliyewaita wavivu kwa kuwa walikuwa wametoka kazini. Hoja yake ya pesa, kwa upande mwingine, ni ya haki, na ndiyo maana nimekupangia vitu ambavyo tayari vimo nyumbani au sokoni. Mpe nafasi ya kuchagua: aseme yeye ni jioni ipi ya wiki iwe ya kuota moto, na ni chakula gani kiwe cha siku hiyo. Watu hulitetea jambo walilolichagua wenyewe.

Kuna hali moja ambayo yote niliyoyaandika hayatoshi, nawe uijue mapema. Ikiwa kwa wiki 2 au zaidi, karibu kila siku, moyo umekuwa mzito au mambo uliyokuwa ukiyapenda hayakugusi tena, na pamoja na hilo usingizi au hamu ya kula vimebadilika, nguvu zimekwisha, unajilaumu kupita kiasi, au yanakujia mawazo ya kutaka kufa, hiyo ni sonona na inatibika hospitalini. Usiisingizie kipupwe na kungoja kiishe. Anzia hospitali ya wilaya hapo hapo Newala. Ikihitajika watakuelekeza hospitali ya Ndanda, au hospitali ya rufaa ya mkoa ya Ligula, Mtwara. Mawazo ya kufa hayangojei wiki 2: nenda siku hiyo hiyo, na mtu akusindikize.

Kama hali yako ni ile uliyonieleza tu, anza sasa kabla baridi haijakolea, kwa mambo mawili: maji ya moto kila usiku, na jioni moja ya moto uani kila wiki. Yaandike kwenye kalenda ya ukutani kama unavyoandika zamu za shule. Yafanye kwa mwezi mmoja bila kuongeza la tatu, hata likikuvutia namna gani, na kila usiku andika kwenye daftari tarakimu moja kati ya 1 na 10 inayoonyesha siku yako ilikuwaje. Mwezi ukiisha, linganisha usiku uliotekeleza na usiku ulioruka, uliache lisilokusaidia, kisha uniandikie ulichokiona.